Randa Iliyonyamaza

Marehemu Hénoc Kabulo alipofariki mwezi wa tatu, aliacha mjane, watoto wanne, nyumba ya matofali huko Katuba, na randa. Nyumba haikuleta ubishi kwa sababu ilikuwa na hati. Randa haikuwa na hati.

Ilikuwa randa ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, urefu wake sentimita thelathini na tano na nusu. Urefu huo ulijulikana kwa sababu Adalbert, mtoto wa kwanza, aliupima siku ya tatu ya kilio, wakati wengine walikuwa wakiimba. Waliomwona na kipimo chake mkononi walimpisha. Kila mtu hulia anavyoweza.

Walioitaka walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Stéphane, mdogo wake marehemu, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya mabehewa ya reli. Wa pili alikuwa Adalbert mwenyewe. Hakuwahi kuranda ubao hata mmoja, lakini utoto wake wote aliupitisha akimtazama baba yake akiranda, na katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine alichokitaka. Hakusema hivyo. Alisema tu kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza.

Siku ya kufunga kilio familia iliketi chini ya turubai. Aliyekata shauri alikuwa shangazi wa Adalbert, Ntumba, dada mkubwa wa marehemu na wa Stéphane, mama wa miaka sabini na nane ambaye katika familia hiyo neno lake halikukatiwa rufaa.

"Adalbert, kamata hii rabot, uichunge," alisema. Rabot ndivyo randa inavyoitwa katika karakana zote za mji huo, na kutosha huko ni kuondoa. "Siku ya kutosha matanga utaileta hapa ku meza. Njo tutaona iko ya nani."

Doudou, binamu aliyekuwa karani mahakamani, aliandika uamuzi huo katika daftari la mikutano ya familia, na wote wakatia sahihi.

Adalbert alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na kazi yake ilikuwa kukagua mizani: ile midogo ya maduka ya unga, na ile mikubwa inayopima malori ya madini. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kutia sahihi kwenye namba ambayo hakuipima mwenyewe. Wenye maduka walikuwa wamejaribu kumshawishi kwa kuku, kwa machozi, na mara moja kwa ndoto ambayo mwenye duka alidai ameoteshwa. Mizani ilibaki vile ilivyosema.

Aliuchukua uamuzi wa shangazi kama mtihani. Aliona kwamba familia itampa randa yule atakayeonyesha kuwa anaijua na anaitunza. Baba mdogo Stéphane angeiweka dirishani ishike kutu. Yeye angeirudisha mezani katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Hakumwuliza mtu, kwa kuwa hakuona kama kuna la kuuliza.

Kwanza ilibidi ajue ni randa gani. Aliisafisha kidogo kidogo kwa mswaki, na nyuma ya mahali kisu kinapokaa, chini ya rangi ya kijani, palijitokeza mistari mitatu iliyosubiwa ndani ya chuma chenyewe: tarehe ya mwezi wa tatu 1902, nyingine ya mwezi wa nane mwaka huohuo, na ya tatu ya mwezi wa nne 1910. Alitumia wiki nne akisoma kurasa za wazee wa Amerika wanaokusanya randa na kugombana mtandaoni kuhusu skrubu. Alilinganisha kipenyo cha gurudumu dogo la shaba linaloshusha kisu, akalinganisha umbo la wenzo, akafikia hitimisho. Ilikuwa Stanley namba tano, ya aina ya kumi na moja, iliyotengenezwa kati ya 1910 na 1918. Mwaka wa 1910 ndio treni ilipofika mji huu kwa mara ya kwanza. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akaongeza pembeni: "Halithibitishi kitu."

Kisha akaorodhesha visivyokuwa vya asili. Vilikuwa vingi. Mshikio wa nyuma ulikuwa wa mti wa mulombwa, umechongwa kwa mkono, umepinda upande. Mbele, mahali pa kinundu cha mbao, palikuwa na kitasa cha mlango wa behewa. Chini ya kisu kulikuwa na kipande cha kopo la dagaa, kimekunjwa mara mbili. Ubavuni mtu alikuwa amekwaruza herufi H.K. kwa msumari. Kwenye ncha palikuwa na pengo. Rangi ya kijani ilikuwa ya mabehewa, wala hakuna randa ya kijani iliyowahi kutoka katika kiwanda kile mwaka wowote. Mbele ya kila kimoja aliandika: "Si ya asili."

Aliilaza randa katika beseni la siki kwa siku mbili, uani. Mama yake, Mama Brigitte, alipita na ndoo akasimama.

"Unapika nini humu mu bassin?"

"Chuma, mama. Ninatosha kutu."

"Baba yako alikuwa anapakaga mafuta ya ngazi tu, ile nyekundu ya kupikia."

"Ile mafuta iko mubaya ku chuma."

"Alipaka myaka makumi ine," alisema mama, akachukua ndoo yake.

Siku iliyofuata alimkuta Adalbert ameuweka mshikio wa mulombwa kwenye kikapu cha vipande vya mbao.

"Na hii?"

"Haiko ya origine."

"Iko ya nani sasa?"

"Baba aliichonga. Lakini haiko ya origine."

"Weye hauitaki?"

"Ya kufanya nini, mama?"

Mama Brigitte aliushika mshikio ule, akaugeuza, akaurudisha kikapuni. Akangoja siku tatu. Siku ya nne aliutia kwenye jiko la mbabula chini ya sufuria ya maharagwe, maana kitu ambacho mtoto wa mwenyewe hakitaki ni kuni. Maharagwe yaliiva upesi. Mulombwa huwaka vizuri.

Kazi iliendelea. Uso wa chini ulikuwa umebonyea katikati kwa sehemu tatu za kumi za milimita. Adalbert alibandika msasa juu ya kioo kinene, akasugua Jumapili tatu mfululizo baada ya misa, mpaka ubonyefu ukabaki sehemu nne za mia. Alisugua na mbavu, herufi H.K. zikaondoka. Fundi wa kulehemu wa Naviundu alijaza pengo la nchani, na Adalbert akalipiga tupa hadi pasijulikane palipokuwa na pengo. Mshikio na kinundu vya asili alivipata kwa muuzaji wa Kitwe aliyekuwa na randa iliyovunjika ya aina hiyohiyo, vikaja na basi kupitia mpaka wa Kasumbalesa vikiwa vimefungwa ndani ya soksi. Rangi nyeusi aliipaka mara tatu. Kisu alikinoa hadi kikanyoa nywele za mkono wake, na kwa muda wa wiki moja alikwenda kazini na mkono mmoja laini.

Mwisho aliandaa ripoti ya kurasa thelathini na moja, yenye picha, vipimo na majedwali. Aliisoma mara mbili na hakuona kosa.

Matanga yaliondolewa Jumamosi ya mwezi wa tisa. Asubuhi walikwenda misa, wakarudi, wakaketi chini ya turubai. Picha ya marehemu ilikuwa kwenye kiti. Adalbert aliweka randa mezani, juu ya kitambaa cheupe. Iling'aa.

Baba Stéphane, aliyekuwa na miaka sabini na mmoja, alivaa miwani. Akaivua. Akatazama chini ya meza.

"Na rabot iko wapi?"

"Njo hii, baba mudogo."

"Hapana. Ile ya yaya Hénoc."

"Njo hii."

Stéphane akamgeukia dada yake, maana yaya huko ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. "Yaya, mutoto amenunua rabot."

"Sikununua, baba. Hii ni ya 1910."

"Ya 1910, na inang'aa sawa sufuria ya arusi?"

Watu walicheka, na Shangazi Ntumba akainua kidole, kicheko kikakatika. Adalbert alifungua ripoti. Alieleza kwa utaratibu na bila haraka. Alipofika ukurasa wa tisa, baba mdogo aliomba kuuliza.

"Ile ya yaya ilikuwa vert. Rangi iko wapi?"

"Niliitosha."

"Ku ncha ilikuwa pengo. Miye nilikuwa pale siku ilianguka, mu Kamina. Pengo iko wapi?"

"Nililijaza."

"Yaya aliandika jina ku ubavu."

"Nilisawazisha ubavu."

"Mushikio ya mulombwa?"

Adalbert alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akitazama picha ya marehemu.

"Iliungua," alisema.

"Sasa kulibakia nini?"

Adalbert alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa halali. "Chuma," alisema.

"Chuma! Mwana wangu, chuma iko mingi mu hii dunia."

"Kuna picha, baba. Ukurasa wa kwanza mpaka wa thelathini."

Baba Stéphane alilamba kidole akafunua kurasa. Hakuwa mtu wa kupuuza ushahidi. "Photo ya kwanza ni rabot ya yaya," alisema. "Ninaikubali. Photo ya mwisho ni hii ya ku meza. Ninaikubali. Hapa katikati iko kipande ya chuma haina kichwa haina mukia. Ni sawa muntu akuletee photo ya bibi yake, na photo ya mbuzi, akuambie ni siku mbali-mbali."

Safari hii hata shangazi alicheka.

Adalbert hakukasirika. Alisema kwamba kifaa kijaribiwe. Doudou alileta ubao, wakaubana ukingoni mwa meza, na baba mdogo akavua koti. Mkono wake ulikuwa haujasahau. Alisukuma mara moja, kutoka bega hadi mwisho wa ubao, na randa ikatoa utepe mmoja mwembamba kama ganda la kitunguu, mrefu kama ubao wenyewe, bila sauti yoyote. Wajukuu wakaugombania. Baba Stéphane aliuchunguza ubao kwa kiganja, kisha akaitua randa kwa heshima.

"Hii iko rabot ya kweli," alisema. "Njo maana haiko ya yaya. Ya yaya ilikuwa inakata mubaya."

"Ilikuwa inakata vibaya kwa sababu uso wake ulibonyea," alisema Adalbert. "Nimeunyoosha. Ukurasa wa kumi na saba."

"Myaka kumi na tisa nilitumika nayo, weye unaniambia ukurasa?"

Shangazi Ntumba aliona kwamba wanaume hao wataendelea hivyo mpaka chakula kipoe. Akamwita mjane.

"Brigitte. Weye ulilala na hii kitu mu nyumba. Unaitambua?"

Mama Brigitte alisimama, akaikaribia meza, akaitazama randa mbele na nyuma. Hakuigusa.

"Ile ya bwana yangu ilikuwa inalia," alisema. "Akianza kutumika, miye niko ku barabara na ndoo, ninaisikia. Nilikuwa najua kama amekasirika, nilikuwa najua kama amechoka. Hii inanyamaza. Siitambui."

Akarudi kuketi. Doudou aliandika: "Mjane haitambui."

Shangazi Ntumba alifunga macho muda mfupi, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kuamua, akafungua.

"Nimesikia. Hapa iko njia mbili. Kama hii iko rabot ya marehemu, iko ya famille, na aliyetumika nayo ataikamata: Stéphane, leo leo. Kama haiko yake, ile yake ilipotea mu mikono yako, Adalbert, utaleta mbuzi moja ya amende, ya kulipa kosa, na utaomba musamaha mbele ya photo ya baba yako. Na hii ya ku meza ni yako, juu hakuna muntu hapa anaijua. Mutoto wangu, sema weye. Ni ile ao haiko ile?"

Adalbert alikuwa na jibu. Alikuwa nalo katika kurasa thelathini na moja. Alifungua kinywa kulitoa, akaona mkono wa baba mdogo umelala juu ya meza, karibu na kinundu cha mbele, si kwa tamaa, ila kama mkono wa fundi unavyolala karibu na chombo kizuri. Neno moja la kweli, na randa ingeondoka na mkono huo.

"Tantine," alisema, "naomba kurekebisha maneno. Doudou aandike hivi: randa ya marehemu, kama familia ilivyoijua, haipo tena."

Doudou aliinua kalamu. "Ni sawa na kupotea?"

"Ni sahihi zaidi."

"Aa, wapi!" alisema shangazi. "'Haipo tena' ni maneno ya mapadri. Mu procès-verbal yetu tunaandika kitu muntu alifanya. Ilipotea ao haikupotea?"

Turubai lilipigapiga kwa upepo. Huko nyuma mtu alikuwa akipakua mchele.

"Ilipotea," alisema Adalbert.

"Nani aliipoteza?"

"Mimi."

Doudou aliandika, akasoma kwa sauti, akageuza daftari. Adalbert alisoma mistari minne ile kwa makini. Palikuwa na kosa moja la tahajia, akalisahihisha. Halafu akatia sahihi, sahihi ileile anayoiweka kwenye vyeti vya mizani. Alisimama mbele ya picha ya baba yake na kuomba msamaha kwa kupoteza kitu kilichokuwa mezani, mita mbili nyuma yake, kikimetameta. Watu walisema amen.

Baadaye alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ni ileile. Uliniona nikiitengeneza tangu mwezi wa tatu."

Mama Brigitte alikuwa akisonga bukari, ugali wa mji huo, na hakuacha. "Baliniuliza kama ninaitambua. Siitambui. Nilisema bongo, nilisema uwongo?"

"Ni chuma kilekile."

"Adalbert. Baba yako alitia vyake mule myaka makumi ine. Rangi, mushikio, ile kopo ya dagaa, makelele. Vyote weye ulitosha, ukatupa, miye nikapikia maharagwe. Kitu ilibakia haikuwa yake."

"Kilichobaki ndicho cha origine."

"Ya origine ni ya bale ba Amerika," alisema mama. Akapakua. "Kamata hii sahani, upelekee baba yako mudogo. Usimwage mboga."

Adalbert alichukua sahani. Baba Stéphane alikuwa ameketi peke yake mwisho wa meza, na mbele yake randa ilikuwa bado juu ya kitambaa chake. Alimwonyesha Adalbert kiti kwa upole, kama mtu anayempokea mfiwa.

"Keti, mwana. Usisikitike sana. Kupoteza kunafikiaga kila muntu."

"Ndiyo, baba."

"Ni vile tu ungeiona, ile. Unajua kidole ya yaya?"

Adalbert alijua. Kidole cha kati cha baba yake kilikatwa na msumeno kabla yeye hajazaliwa.

"Sasa mushikio ya kiwanda ilikuwa inamuumiza pale. Kila siku damu. Njo akachonga yake, ya kupinda, kidole kifupi kinapata nafasi yake." Baba Stéphane alifuta mkono, akaishika randa kuonyesha. Alikunja kidole chake cha kati, akabana mshikio kwa vidole vilivyobaki, akajaribu kusimama kama kaka yake alivyosimama, bega la kulia mbele. Mkono ulimteleza. Akajaribu tena, ukateleza tena. "Haiwezekane na hii. Hii iko ya muntu wa vidole tano."

"Alikuwa anaisukuma namna gani?" aliuliza Adalbert.

"Nakuambia, na hii haiwezekane." Mzee aliirudisha randa juu ya kitambaa, akavuta sahani. "Siku moja ukiipata ile yake, uilete ku nyumba. Nitakuonyesha muzuri."

"Nitaileta," alisema Adalbert, akamwongezea mboga.